Chupa ya Nane, Binti wa Tatu

Liège, Ubelgiji
9 Machi 2013

Shangazi Benedicte mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi. Mimi mzima, nakula, na lile koti ulilonishonea nalivaa ndani ya koti nililonunua huku, kwa hiyo natembea kama gunia la kahawa. Natumaini goti lako limetulia. Masikio siyaulizi. Yangekuwa mazima ningekupigia simu, lakini nakumbuka mara ya mwisho: nilipiga kelele dakika kumi nzima kuhusu mtihani wangu, ukanijibu, "Ndiyo, mbuzi wako wazima." Basi tuandikiane. Mwambie baba picha yake nimeibandika ukutani, na kwamba angeweza kucheka kidogo.

Siku ya kuondoka uliniuliza mbele ya watu wote: "Panya? Umesoma miaka yote hii kwa ajili ya panya?" Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalia. Sasa nakujibu.

Mwilini mna askari wa kila namna. Liko kundi moja dogo ambalo huamshwa na mafuta. Si mafuta ya kukaangia samaki. Ni mafuta yasiyoonekana kwa jicho, ambayo seli huyaweka kwenye kijisahani na kuyanyoosha nje ili askari ayaone. Askari akiyaona na kuyapenda, anapiga kelele, na kelele ile inawaamsha wenzake wote, hata wale waliokuwa wakiutazama uvimbe wa saratani kama jirani mwema. Sisi tunatafuta mafuta yatakayomfanya apige kelele kubwa kuliko zote.

Shida ni kwamba kijisahani cha panya na cha mtu havilingani. Imewahi kutokea watu wakashangilia mafuta yaliyomsaidia panya, wakampa mtu, na askari wa mtu akayatazama kisha akaendelea kulala. Kwa hiyo panya wetu wameondolewa kijisahani chao wakapewa cha binadamu. Wanazaliwa nacho. Ukimwona ni panya tu, ana mkia wake na hila zake. Lakini ukimpa mafuta, anayaonyesha kwenye kijisahani kama chako wewe na changu mimi. Anatujibia sisi!

Mpishi wetu wa mafuta, mzee mmoja wa hapa, ametuletea boksi lenye nafasi ishirini, chupa zimepangwa kwa mstari jinsi alivyozipika. Nafasi mbili za kwanza hazina kitu, mafuta yake yaliharibika jikoni kwake. Zilizobaki kumi na nane ni zangu. Kumi na nane, Shangazi! Naamka nikiwa na haraka ya kufika kazini, mimi uliyekuwa ukinimwagia maji ili niamke. Huenda moja kati ya hizo ndiyo ile ambayo mama aliihitaji na haikuwapo.

Ni mimi mwanao,
Enid Kabugho


Bwera
2 Juni 2013

Kwako Kabugho, mwanangu,

Barua yako imenikuta hai, jambo ambalo mwaka huu si dogo. Utakuwa umesikia kwamba mto Nyamwamba ulifurika mwezi uliopita. Kule Kilembe na Kasese umebeba nyumba, madaraja na mawe makubwa kuliko jiko langu. Sisi wa Bwera tumepona, baba yako amepona, kahawa imepona. Barua yako ilikaa Kasese wiki tatu barabara ikitengenezwa, kisha Hamuza, yule dereva wa lori la chumvi ya Kabatoro, akaniletea mpaka mlangoni. Nimempa sahani ya ugali wa bundu na mboga ya sombe, sasa anajifanya ndiye posta.

Goti ni lilelile. Masikio usiyataje tena mbele ya watu, barua yako nilimpa Hamuza anisomee mwanzo maana miwani ilikuwa ndani, akacheka mpaka akakalia kuku.

Sasa panya zako. Nimesoma mara nne. Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na minne, sihitaji kuelezwa askari wa mwili ni nani, lakini kijisahani kimenipendeza. Kosa langu ni kwamba nilimsimulia Tabisa, yule anayeuza vitenge soko la Mpondwe. Siku iliyofuata soko zima linaniuliza: "Mama Benedicte, ni kweli ule mutoto wa kwenu anageuza panya inakuwa mutu?" Nikawaambia hapana, ni kidogo tu, ni kijisahani. Ndipo nikaharibu zaidi. Mkongomani mmoja wa Butembo akasema kwake beko na panya mingi sana, uje uchukue bure.

Kwa hiyo nijibu jambo moja, kwa maandishi, nilionyeshe soko. Dawa lini?

Shangazi yako,
Benedicte


Liège
14 Agosti 2013

Shangazi! Shangazi!

Naomba unisamehe, salamu nitazitoa chini. NAMBA NANE!

Nilikuwa nimejaribu chupa zangu moja moja tangu Machi, nikafika ya saba. Unamchoma panya sindano ya mafuta, unasubiri, unachukua tone la damu, unapima kama askari amepiga kelele. Chupa hii, kimya. Ile, mnong'ono. Nyingine, kimya. Mwisho wa Julai kulikuwa na wiki moja ambayo sikuwapo maabara, nilikuwa na shughuli zangu, na Elise akafanya badala yangu. Elise ni fundi wa maabara, mwenyeji wa hapahapa Liège, ana mkono mwepesi hata panya hawamwogopi. Alijaribu ya nane, ya tisa na ya kumi. Nilirudi nikakuta karatasi juu ya meza. Ya tisa kimya, ya kumi kimya, lakini ya nane! Kelele yake ilipita kila kitu kilichowahi kupimwa katika chumba kile. Panya watatu, wote watatu. Niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati. Profesa, ambaye huwa hasemi hata chafya, alisema "Tiens," yaani, "Kumbe." Kwa mtu yule hiyo ni ngoma na vigelegele.

Usiliambie soko bado. Kwanza lazima nirudie kwa mkono wangu, kisha tuwajaribu panya wenye uvimbe, kisha miaka, Shangazi, miaka mingi kabla ya mtu kuchomwa. Ukiulizwa dawa lini, sema si leo. Lakini nimecheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja akavuka kwenda ng'ambo.

Haya, salamu. Baba hajambo? Mbuzi wazima?

Tena kitu kimoja. Tulipokuwa tukisherehekea, Elise aliniuliza Kabugho maana yake nini. Nikamwambia kwetu majina hufuata uzazi: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Akauliza, "Dada zako wakubwa wako wapi?" Nikasema sijui. Nina miaka ishirini na tisa na nikasema sijui. Mama kila nilipomuuliza alisema nimuulize Benedicte. Wewe kila nilipokuuliza ulikumbuka kitu jikoni. Hapo ulipo sasa umekaa, jiko liko mbali. Niambie.

Mwanao mwenye nundu kichwani,
Enid


Liège
30 Septemba 2013

Shangazi mpendwa,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Ya nane haijarudia. Nimeichoma kwa mkono wangu mara tatu, panya kumi na wawili. Kimya. Elise ameangalia vipimo, mashine nzima, panya wazima. Profesa ameagiza chupa nyingine zisiguswe mpaka ya nane ieleweke, na anadhani karatasi ya Julai ilikuwa bahati mbaya ya mashine.

Hapa mvua inanyesha.

Enid


Bwera
13 Oktoba 2013

Kabugho mwanangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja, ile ya kuruka na ile ya mvua. Nilizisoma kwa mpangilio, na nilipomaliza ya pili niliweka miwani mezani. Tangu ujue kuandika hujawahi kuniletea barua isiyo na utani. Na "shughuli zangu" za Julai ni zipi? Nimewahoji wanawake wajawazito maisha yangu yote, najua mtu anayeficha. Ulikuwa mgonjwa. Usiniambie si kweli.

Hapa wote wazima, kahawa imeanza kuiva, baba yako amecheka mara moja mwezi wa tisa.

Kwa kuwa wewe umefika mahali pagumu, nitakupa kile ulichoomba. Nimekosa jiko la kukimbilia.

Dada zako walikuwapo. Mimi ndiye niliyewapokea wote wawili, kule Mahango kwa kina mama yako, nikiwa mkunga mpya niliyejiona najua. Masika aliishi siku nne. Biira hakulia kabisa. Mwaka 1983 mama yako Proscovia akabeba mimba yako, nikamwambia safari hii atazalia zahanati, penye taa na daktari. Ukatoka unapiga kelele, ukanirushia mkojo kwenye gauni jeupe.

Basi nikajaza kadi. Palikuwa na mstari: mtoto wa ngapi. Nikaandika 1.

Nilijiambia kwamba ndivyo walivyotaka wakubwa, wahesabiwe walio hai. Si kweli. Mikono iliyowapokea wale wawili ilikuwa yangu. Nikiandika moja, hawakuwapo, na mimi sikukosea popote. Nilifurahi kuandika moja. Nikamwambia mama yako, "Huyu ni Masika wako, tunaanza upya."

Mama yako alikuwa amelala chali, hana hata nguvu ya kushika kikombe. Akaomba kadi, akaisoma. Akasema, "Benedicte, miye nimezaa tatu. Weye unahesabu wenye wamebaki. Miye nahesabu wenye nilizaa. Huyu iko Kabugho. Andika tatu."

Nikasema nitaandika. Kanisani ulibatizwa Kabugho, hilo hakuna aliyeweza kulizuia. Lakini kadi sikuigusa. Iko ndani ya sanduku langu mpaka leo, na inasema wewe ni wa kwanza. Mama yako alinisamehe mengi mpaka siku ile saratani ilipommaliza, lakini hilo hakuniuliza tena, nami sikumwambia. Ndiyo maana nilikuwa nakimbilia jikoni.

Sasa umejua. Kula chakula cha moto. Na hiyo chupa, irudie tena.

Shangazi yako,
Benedicte


Liège
6 Desemba 2013

Shangazi yangu, mama yangu, mkunga wangu,

Barua yako ya Oktoba imefika leo asubuhi. Muhuri wa Kasese ni wa tarehe 21 Novemba, muulize posta wako Hamuza ilikuwa wapi mwezi mzima. Lakini imefika, imefika, imefika!

Niliifungua kwenye ngazi za maabara. Nililia, sitakuficha. Nililia kwa ajili ya Masika na Biira, na kwa ajili yako. Sikukasirika. Ulikuwa na miaka mingapi, ishirini na mitano? Mdogo kuliko mimi sasa.

Kisha nikasoma tena maneno ya mama. Wewe unahesabu waliobaki, mimi nahesabu niliozaa. Nikasimama palepale, mguu mmoja juu, mmoja chini, watu wananipita.

Nikapanda mbio. Nikamkuta Elise anabadilisha maji ya panya. Nikamuuliza, "Ile siku ya Julai, ulipochukua chupa ya nane, ulianzia wapi kuhesabu?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Kwenye chupa ya kwanza," akasema.

"Ya kwanza ipi?"

"Iliyopo! Zile nafasi mbili hazina kitu. Nihesabu hewa?"

Shangazi, mimi nilizihesabu. Siku ile boksi lilipofika niliandika kwenye daftari: moja, imeharibika, mbili, imeharibika, tatu, nikaendelea. Chupa ya kwanza iliyopo, kwangu ni ya tatu. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo maabara. Nilidhani dunia nzima huhesabu hivyo, kwamba kilichopikwa kimepikwa, hata kama kimekufa. Vifuniko havina maandishi, nafasi ndiyo jina lake, na hilo ni kosa langu kabisa, ningebandika karatasi siku ya kwanza tusingefika hapa. Ya nane ya Elise ni ya kumi yangu. Tangu Agosti nimekuwa nikimchoma panya chupa ambayo haijawahi kusema lolote, na ile yenye kelele imekaa kwenye friji nafasi mbili tu pembeni, haijaguswa, kwa sababu Profesa alikataza!

Sasa nikuambie nilichokuwa naficha. Kweli nilikuwa mgonjwa Julai, homa ya mapafu, siku tano hospitalini. Na Profesa ameniambia kwamba tarehe 20 Desemba panya wangu wanapewa kundi lingine, na ufadhili wangu unaishia hapo. Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo. Sikutaka ujue mpaka nifike Bwera na sanduku mkononi.

Nimekwenda kwake na barua yako mkononi. Nikamtafsiria kipande kile, neno kwa neno. Akasema, "Una panya wanane. Fanya kwa zote mbili, yako ya nane na yako ya kumi. Elise asijue ipi ni ipi." Sipeleki barua hii posta mpaka nijue.

12 Desemba, naendelea.

Wanne walichomwa ya nane yangu: kimya, wote. Wanne walichomwa ya kumi.

Shangazi, wamepiga kelele! Wote wanne! Kubwa kuliko ile ya Julai! Elise alikuwa anasoma namba kwa sauti bila kujua ni ya chupa ipi, na sauti yake ikawa inapanda, inapanda, mpaka akaacha kusoma akaanza kunipiga mgongoni. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma karatasi tena. Hakusema Kumbe. Alisema, "Panya wanabaki kwako." Nina mwaka mwingine. Februari tunaanza na wenye uvimbe. Huenda ikashindwa kule, nimeambiwa na nimesikia, panya hawa wana kijisahani chetu lakini si sisi. Lakini kwa mara ya kwanza nina kitu mkononi cha kuwajaribia.

Nimeandika karatasi ishirini na kubandika kila nafasi kwenye boksi. Nafasi ya kwanza na ya pili nazo nimezibandikia. Elise aliuliza kwa nini, pale hakuna chupa. Nikamwambia moja inaitwa Masika na nyingine Biira, na asizibandue.

Mwanao,
Kabugho


Bwera
11 Januari 2014

Kabugho, binti wa Proscovia,

Barua yako imeletwa leo wiki moja na Hamuza, akiwa ameinamisha kichwa. Ile yangu ya Oktoba aliichomeka nyuma ya kiti cha lori. Ilikwenda Katunguru, ikarudi Kabatoro, ikapanda chumvi ikashuka chumvi, mpaka alipopiga deki. Akasema, "Mama, iko salama kabisa, haiko na maji hata kidogo." Nilikuwa nimeshika mwiko. Lakini nilikuwa nimeshasoma yako, na mtu hawezi kumpiga mwenzake akiwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nimempa bundu tena.

Wasingya, mwanangu, asante, asante sana. Nimeisoma kwa sauti mbele ya baba yako. Akauliza panya wangapi. Nikamwambia wanne kwa wanne. Akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameshika nguzo ya banda la mbuzi, mabega yanatikisika, nikadhani ni huzuni. Alikuwa anacheka. Mzee mzima, anacheka peke yake na mbuzi!

Soko la Mpondwe limeambiwa. Nilijaribu kusema si leo, ni miaka, lakini Tabisa alishapanda juu ya meza ya vitenge. Sasa wanasema: "Panya ya Kabugho inapiga makelele, inafukuza kansere." Nimewaacha. Siku moja utakuja uwaeleze mwenyewe, nami nitakaa mbele, sikio zuri upande wako.

Homa ya mapafu tutaongea ana kwa ana. Usidhani imepita.

Leo alfajiri mimi na baba yako tulipanda Mahango. Goti lililalamika njia nzima nami sikulisikiliza. Pale nyuma ya migomba ya bibi yako pana mawe mawili, madogo, huwezi kuyaona kama hujui. Mama yako alikuwa akiyapalilia, nami nilikuwa najifanya sijui anakwenda wapi. Tumeng'oa majani. Niliwaambia habari zako, za boksi na nafasi mbili. Nilijisikia mjinga, kisha sikujisikia mjinga tena.

Niliporudi nilifungua sanduku. Kadi yako ya zahanati nimeiweka humu ndani ya bahasha, iangalie vizuri, imechakaa pembeni. Ule mstari wa mtoto wa ngapi nimeurekebisha jinsi tulivyofundishwa ukunga: usifute, kata kwa mstari mmoja ili cha zamani kisomeke, andika kilicho kweli juu yake, weka sahihi yako na tarehe uliyosahihisha.

Nimekata moja. Nimeandika tatu.

B. mkunga, 11/1/2014